Bwana Way, Maji Moto na Minazi Yetu
Maneno ya Bwana Shamba kwa wakulima wa Unguja



Kila mwenye minazi katika Unguja amepata kuona jambo hili. Karara inafunguka vizuri, vidaka vinashika, na mwenye shamba anaanza kuhesabu nazi zake moyoni. Haupiti muda mrefu vidaka vinapukutika na kutapakaa shinani kama kokoto. Vichache vinavyosalia hukua na makovu, na utomvu huganda juu ya ganda. Nazi yenyewe hutoka ndogo, na pale Darajani mnunuzi haitazami mara mbili. Nataka kuwaelezeni habari za mtu aliyemtafuta mharibifu huyo na anayemzuia, maana wote wawili aliwachunguza katika mashamba yetu haya haya.

Mtu huyo ni Bwana Michael Way, Mwingereza, mtaalamu wa wadudu wa mimea, aliyefanya kazi Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Dalili nilizozitaja zinafanana sana na ugonjwa, na mkulima huweza kulaumu udongo, au jua, au hata jicho la jirani. Jawabu lilikuwa kileleni. Huko huishi mdudu wa jamii ya kunguni, rangi yake ya kahawia, na urefu wake haufiki sentimita 2. Hukichoma kidaka kwa mdomo mwembamba kama sindano, na mate yake yana sumu inayoua nyama ya kidaka pale alipochoma. Wachache tu juu ya mnazi mmoja watosha kuharibu mavuno, na kwa kuwa ni wachache, mkwezi aweza kupanda na kushuka asiwaone. Mwaka 1955 mdudu huyo alipewa jina la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, na neno la pili limetokana na jina la Way. Wengine hupewa barabara au skuli. Yeye alipewa kunguni.

Lakini faida kubwa ya kazi yake, kwa maoni yangu, haikuwa kumjua adui bali kumjua askari. Askari huyo ni maji moto. Hapana haja ya kuwaelezeni maji moto ni nani, maana kila mchuma karafuu amewajua kwa ngozi yake. Pengine hamjapata kutazama wanavyojenga. Chungu hawa hujipanga ukingoni mwa jani na kulivuta likutane na jani la pili. Kisha wenzao huja wamebeba watoto wao mdomoni, na watoto hao hutoa uzi wa hariri unaoshona majani yakawa nyumba. Way alihesabu nyumba zao katika mikarafuu. Alikuta kabila moja laweza kuenea miti kadhaa, likawa na nyumba zaidi ya 100 na wafanyakazi malaki, na wote mama yao ni malkia mmoja. Maandishi yake yalitoka mwaka 1953 na 1954. Mnazi ambao maji moto wameushika barabara, kunguni hapati nafasi ya kustarehe, na vidaka vyake husalimika.

Wachina wa kusini walilijua jambo hili kabla yetu sote. Kitabu kinachotajwa kuwa cha mwaka 304 chasema kwamba watu waliuza sokoni mifuko yenye nyumba za chungu wa namna hii, na wakulima wakazinunua kwa ajili ya kulinda michungwa yao. Darajani huuzwa kila kitu, toka pweza mpaka vitambaa, lakini sijamwona mtu akiuza maji moto! Baadaye Wachina waliweka pia vipande vya mianzi baina ya miti ili chungu wapite. Hata katika zama zetu China ilitoa mabingwa wa kazi hii. Mmoja alikuwa Bwana Pu Zhelong, aliyezaliwa mwaka 1912. Alisoma Marekani katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akarudi kwao mwaka 1949, akafundisha mjini Guangzhou. Yeye alifuga nyigu wadogo mno, wanaotaga ndani ya mayai ya wadudu wanaotoboa miwa, akawaachia mashambani. Alifariki mwaka 1997.

Way naye alirudi Uingereza, akawa profesa katika Imperial College, na hakuwaacha chungu. Mwaka 1992 yeye na Bwana Khoo wa Malaysia walichapisha maandishi marefu juu ya kazi ya chungu katika kuzuia wadudu waharibifu.

Sasa tuje shambani. Mwaweza kuniuliza: ikiwa maji moto wamo Unguja siku zote, mbona vidaka vinaanguka? Ni kwa sababu wana maadui. Wako chungu wadogo wa kahawia, baadhi yao wenye vichwa vikubwa, wanaokaa ardhini penye shina la mnazi. Hao hupanda mti na kuwafukuza maji moto, wala wao wenyewe hawamzuii kunguni. Uchunguzi uliofanywa hapa Unguja na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba majani ya chini yana athari katika vita hivi. Shamba likifyekwa likawa jeupe kabisa, chungu wadogo hutafuta chakula juu ya minazi. Majani yakiachwa kiasi, hubaki chini. Kwa hiyo palilia duara la shina ukitaka, lakini usilifanye shamba zima kama uwanja wa mpira.

Acheni pia miembe na michungwa kati ya minazi, kwani maji moto hupenda miti ya majani mapana. Pale ambapo makuti hayagusani, fungeni kamba toka mti hadi mti. Mkihamisha nyumba, zitoeni zote katika kabila moja, maana makabila mawili yakikutana hupigana mpaka kufa. Na kabla ya kupiga dawa yoyote, fikirini kwanza, kwani dawa imuuayo kunguni humuua na maji moto.

Najua wakwezi na wachumaji watanung'unika. Wapakeni majivu mikononi na miguuni kabla ya kupanda, na wenye mashamba waongeze kidogo katika ujira wa mti wenye chungu.