Mwulizeni Kabla Hajaapishwa

Mhadhara wa umma uliotolewa Kiritiri, Kaunti ya Embu



Asubuhi nilipitia sokoni. Mama mmoja alikuwa ameketi mbele ya gunia la muguka, anachambua: jani lililokomaa kando, chipukizi laini mfukoni. Mfuko ukijaa anaufunga fundo na kuusukuma chini ya kitambaa kilicholowa maji, jua lisiufikie. Akaniuliza kilichonileta. Nikamwambia nitazungumza juu ya wagombea urais na mambo ya nchi za nje. Akasema, "Mwalimu, hayo ni ya watu wa Nairobi. Sisi tuulizie maji na barabara." Kisha, huku bado anafunga fundo, akaongeza kwamba mtoto wa dada yake ni mwanajeshi, yuko Somalia, na simu yake haijapatikana tangu wiki jana.

Nimekuja kuzungumza na mama huyo. Mambo ya nje yako nyumbani kwao tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kumpa nafasi ya kuyaulizia, na nafasi hiyo inapaswa kupatikana wakati wa kampeni, mgombea akiwa bado anatuomba kura.

Tarehe 16 Oktoba 2011 wanajeshi wetu walivuka mpaka kuingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi. Sababu zilikuwapo, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nazidharau. Wageni walikuwa wametekwa nyara Kiwayu na Manda kule Lamu, na wafanyakazi wawili wa misaada wakachukuliwa kutoka kambi ya Dadaab. Lakini vita vilitangazwa na mawaziri mbele ya waandishi wa habari, na Bunge likaja kuulizwa baadaye, lilipotakiwa kuidhinisha jeshi letu lijiunge na kikosi cha Umoja wa Afrika. Septemba 2012 Kismayu ikaangukia mikononi mwetu.

Miezi mitano baada ya Kismayu, Februari 2013, Kenya ilifanya mdahalo wake wa kwanza wa urais, katika shule ya Brookhouse, Nairobi. Wagombea wanane walipanga mstari. Nchi ilikuwa na jeshi katika ardhi ya jirani kwa mara ya kwanza kwa kiwango hicho, na yeyote kati ya wanane wale angeweza kuwa Amiri Jeshi Mkuu kabla ya Pasaka kwisha. Jambo la nje lililosisimua ukumbi lilikuwa Hague: je, mtu anaweza kutawala huku akishtakiwa ng'ambo? Raila Odinga akazungumzia ugumu wa kuongoza serikali kwa Skype, na maneno hayo ndiyo watu waliyoyabeba hadi vijiweni. Ni kweli, Hague ilikuwa hoja nzito. Lakini Hague ilihusu hatima ya wagombea wenyewe. Somalia ilihusu watoto wa wapiga kura.

Mashambulizi yaliyofuata mnayajua. Westgate, Septemba 2013, watu 67 wakauawa. Mpeketoni, Juni 2014. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wa vijana hawa waliosimama kule nyuma kwa kukosa viti. Tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, kule Somalia, ikavamiwa. Mpaka leo serikali haijalitangazia taifa idadi kamili ya waliouawa El Adde. Fikirini hilo. Tunahesabu mifuko ya mahindi, tunahesabu kura moja moja usiku kucha kwa tochi, lakini askari waliokufa kwa jina letu hatujawahesabu. Mwaka mmoja baadaye ikavamiwa kambi yetu nyingine, Kulbiyow. Na nusu mwaka baada ya Kulbiyow, tarehe 24 Julai 2017, ukaja mdahalo mwingine. Rais Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu siku ya El Adde, hakuhudhuria. Raila akasimama peke yake. Mwaka 2022 mambo yakageuka: Raila ndiye hakuja, William Ruto akajibu maswali peke yake.

Mdahalo wa mtu mmoja si mdahalo. Mtu anayezungumza peke yake hana wa kumwambia, "Hapo umekwepa."

Sasa tazameni 2022 kwa karibu. Ruto aliapishwa tarehe 13 Septemba. Kesho yake akatangaza kwenye Twitter kwamba Kenya imeacha kuitambua Sahara Magharibi, kisha tangazo likafutwa, na wizara ikalazimika kueleza kwamba sera ya nje ya Kenya haiendeshwi kwa mitandao. Siku moja tu baada ya kiapo! Tarehe 2 Novemba akawakabidhi bendera wanajeshi waliokuwa wakielekea Goma chini ya kikosi cha Afrika Mashariki. Idhini ya wabunge ikafuata nyuma ya bendera. Julai 2023 serikali ikatangaza kwamba iko tayari kupeleka polisi 1,000 Haiti. Ni mpiga kura gani wa Kiritiri aliyewahi kuulizwa juu ya Sahara, Goma au Port-au-Prince? Kampeni ile tuliimba wilibaro na bei ya unga, na unga una haki yake. Lakini mamlaka ya kutuma watu kufa tuliyatoa bila kuyataja hata kwa jina.

Mtaniambia Katiba inatulinda. Inajitahidi. Kifungu cha 240 kinasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka majeshi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Kwa Haiti, Bunge lilipiga kura Novemba 2023. Januari 2024 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Baraza hilo halina mamlaka ya kupeleka polisi nje, kwa kuwa kifungu kinahusu wanajeshi. Hata hivyo serikali ikatia saini makubaliano na waziri mkuu wa Haiti tarehe 1 Machi, na polisi wa kwanza wakatua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Siku hiyohiyo, vijana wetu walikuwa wameingia Bunge la Nairobi kupinga Mswada wa Fedha. Februari 2025 polisi wetu wa kwanza akauawa kule. Mpangilio ni uleule kila mara: Rais anasema kwanza, kisha Bunge na mahakama zinakimbia kumfikia. Bila kumfunga mgombea kwa maneno yake mwenyewe mapema, taasisi hizo zitaendelea kukimbia.

Wako watakaosema mdahalo haumfungi mtu. Wana ushahidi mzuri, tena kutoka kwa wenye mila hiyo. Oktoba 2000, George W. Bush alisema katika mdahalo kwamba majeshi ya Marekani hayapaswi kutumiwa kuwajengea wengine mataifa yao. Machi 2003 akaivamia Irak. Lakini kauli ile ilibaki, na kila mwanafunzi wa historia anaweza kuiweka kando ya kitendo na kupima. Sisi hatuna hata cha kupimia.

Majirani zetu wa Uganda walijaribu. Tarehe 13 Februari 2016, siku chache kabla ya uchaguzi, walitenga mdahalo mzima wa urais kwa ajili ya sera ya nje, amani ya eneo na usalama, na Rais Museveni, aliyekuwa amekosa ule wa kwanza, akafika. Sidai kwamba usiku mmoja ulinyoosha siasa za Kampala. Nasema jukwaa linawezekana.

Wala sisemi kila jeshi linalovuka mpaka linakosea. Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Watanzania akawaeleza kwamba sababu ipo, uwezo upo na nia ipo. Ilikuwa nchi ya chama kimoja, bila mshindani wa kumkosoa, na bado aliona wananchi wanastahili maelezo. Sisi wenye vyama vingi tumeridhika na pungufu ya hapo.

Narudi sokoni. Muguka wetu soko lake kubwa ni Pwani, lakini miraa ya jirani zetu wa Igembe na Tigania ilikuwa ikiruka kwenda Mogadishu kila siku, kwa haraka, maana baada ya siku mbili haina thamani. Ndege zikasimama Machi 2020 kwa sababu ya korona. Desemba 2020 Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi nasi kwa ugomvi wa kisiasa, na soko likabaki limefungwa mpaka Julai 2022. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu mkulima wa miraa kule Maua alilipia sera ya nje ambayo hakuna mgombea aliyewahi kumweleza.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo watapita hapa, watasimama juu ya gari kando ya soko na kutuahidi lami na maji ya Tana. Wasikilizeni. Kisha mmoja wenu ainue mkono na kuuliza: ukiwa Rais, utawapeleka watoto wetu wapi, kwa idhini ya nani, watarudi lini, na wakifa utatuambia ni wangapi? Mwulizeni na mbunge kama atasubiri bendera itangulie. Na anayekataa kusimama kwenye mdahalo na wenzake, mnyimeni kura.