Fedha Zetu za Matibabu Hulipwa Nani, na kwa Zamu Gani?



Nimeombwa nizungumzie bima ya afya. Kwa kuwa mimi ni mwanasheria wala si daktari, nitashika suala la malipo. Mgonjwa akisharuhusiwa kwenda nyumbani, hospitali huandika dai na kulipeleka kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile tuiitayo SHA. Kuanzia hapo mwananchi haoni tena. Dai limekaguliwa na nani? Limepunguzwa kwa sababu gani? Ni zamu gani inayofuatwa katika kulipa? Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliripoti kwamba hata mfumo wa kompyuta wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, Serikali haiumiliki.

Tatizo hili ni la kurithi. NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, iliondoka Oktoba 2024 ikiziachia hospitali deni la mabilioni ya shilingi. Machi 2025 Rais alitangaza kwamba hospitali zinazodai shilingi milioni 10 au chini zingelipwa zote, na zinazodai zaidi zikaguliwe kwanza. Huenda mpaka huo ulikuwa wa busara. Lakini ukaguzi usio na orodha iliyo wazi ni neno tu. Hospitali ya misheni haina wenye hisa wa kubeba hasara. Hasara hiyo hubebwa na rafu tupu za dawa, na muuguzi asubiriye mshahara, na hatimaye mgonjwa anayeambiwa atoe pesa taslimu ilhali amekwisha kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Huyo ametozwa mara mbili.

Tusijidanganye, lakini: wako pia wenye hospitali wanaodai malipo ya wagonjwa hewa, na ni haki kuwakatalia. Hata hivyo siri haimzuii mwizi, humsitiri. Malipo ya kila kituo yakibandikwa kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya chifu, wanakijiji wanaojua kuwa zahanati yao haina hata kitanda kimoja cha kulaza mtu watauliza maswali ambayo mkaguzi aliyeketi Nairobi hawezi kuyafikiria.

Katiba ya 2010 iko upande wetu. Kifungu cha 201 chataka uwazi katika fedha za umma. Kifungu cha 47 champa aliyeumizwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kuandikiwa sababu. Hivyo dai likikatwa, hospitali isiridhike na maneno ya simu. Nacho kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Basi kila parokia na iandike barua, iulize: vituo vya wilaya yetu vimedai kiasi gani, vimelipwa kiasi gani, na madai yaliyokataliwa yalikataliwa kwa nini? Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, kuomba hakutozwi ada, na afisa hana budi kuamua ndani ya siku 21. Akikataa au akinyamaza, lalamiko liende kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na asiyejua kuandika, afisa huyo huyo yampasa amwandikie. Nakala za barua ya mfano ziko mezani kwa katibu.