Ushairi, Kumbukumbu za Nyumbani na Historia ya Dunia



Mtu aendaye mitaa ya mashariki ya Nairobi hukuta soko la Kariokor, ambako hununuliwa vyondo, na soko la Burma karibu na Shauri Moyo, ambako hununuliwa nyama. Wengi huyataja majina hayo kila siku bila kujua kwamba yote mawili yametoka vitani.

Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliolibebea jeshi la Waingereza chakula na risasi katika vita vya 1914–1918 dhidi ya Wadachi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kwa asili hiyo hiyo. Burma ni nchi ya Asia ambako askari wa Afrika ya Mashariki walipigana na Wajapani mwaka 1944, wakilishuka bonde la Kabaw katika mvua na matope hata mto Chindwin.

Hesabu ya serikali ya Uingereza ilionyesha kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Lakini hesabu haimwambii mjukuu ni yupi wa kwao aliyeanguka, na wengi hawana kaburi lijulikanalo. Hapo ndipo ushairi ufaapo.

Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza hulingana kwa vina, na cha nne huchukua kina kimoja tangu mwanzo hata mwisho. Neno likisahauliwa, pengo husikika mara moja. Kwa njia hiyo hata asiyejua kusoma aliweza kuhifadhi habari. Hemedi bin Abdallah al-Buhry, wa upande wa Tanga, alitunga utenzi wa vita vya watu wa pwani na Wadachi vilivyoanza 1888. Marehemu Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali wala si askari, alitunga utenzi wa vita vya 1939–1945, akayaleta mambo ya Ulaya na Asia katika lugha ya barazani.

Basi mzee wa Kaloleni au Bahati akisimulia jinsi babaye alivyorudi kutoka Burma na koti la jeshi na homa isiyokwisha, kijana asimpuuze. Aandike jina, mwaka na mahali, ahakikishe kwa vitabu, ndipo atunge. Maana vina vizuri haviufanyi uongo kuwa kweli. Shairi halimrudishi marehemu, lakini huwaachia wajukuu jina la kumtaja. Wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari.