Je, pombe inasema kweli?

 

Jamaa moja ilituletea swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ileile. Wametupa ruhusa kulisema, bila majina. Papa mmoja, mkristo wa siku nyingi, alikuwa ameacha pombe. Siku ya posho alikwenda kwenye ndoa ya jirani, akanywa kasiksi, halafu kanyanga juu yake. Aliporudi alisimama mlangoni, akamwambia mdogo wake mbele ya wake na watoto: “Wewe si mtoto wa baba. Katika kiwanja hiki huna hata hatua moja.” Kisha akalala. Asubuhi akauliza kwa nini watu hawamsalimu.

Yeye alisema: “Si mimi, ni pombe.” Wengine wakajibu: “Pombe haidanganyi, yaliyokuwa moyoni yametoka.” Na mama yao mzee yupo hai, anasikia watu wakipima heshima yake kwa maneno ya mlevi.

Tusifichane: neno hili, kwamba pombe haidanganyi, wengi wetu tunaliamini hata ndani ya kanisa. Kuna wanaomnywesha mwenzao makusudi ili wapate siri yake. Lakini wanaosomea mambo ya mwili wanatufundisha kwamba pombe inalegeza ile sehemu ya ubongo inayotuzuia, kama breki ya pikipiki. Breki ikilegea, pikipiki haipati macho ya kuona njia. Inateremka tu. Kinachotoka kinywani kinaweza kuwa kweli, kinaweza kuwa majivuno, au uchungu, au uongo mtupu. Mlevi anayemkana ndugu yake saa tatu ya usiku, saa nne anamkumbatia mlinzi wa nganda na kumwita ndugu wa damu. Tutaamini lipi? Tena mtu akinywa mengi kwa haraka, ubongo unaacha kuandika. Papa huyu aliposema hakumbuki, huenda hakuwa anadanganya.

Fungueni 1 Samweli 25. Abigaili alikuwa na neno zito la kumwambia mume wake Nabali, neno la kufa na kupona. Alimkuta kwenye karamu, amelewa sana. Hakusema kitu, kidogo wala kikubwa, mpaka asubuhi divai ilipomtoka. Kama pombe ingekuwa inafungua mlango wa kweli, usiku ule ndio ungekuwa wakati mzuri. Mama yule alijua nyumba yake.

Na sisi tulingoja. Siku ya tatu tulimwita papa, tukakaa naye kwa chai. Alilia. Habari ya uzazi, alisema, aliitunga pale mlangoni ili imuume mdogo wake. Lakini kulikuwa na jambo lingine chini yake. Baba yao alipokufa, yeye aliuza mbuzi wake wote ili mdogo amalize masomo. Mdogo alipopata kazi alijenga upande wa barabara, ule mzuri, bila kumwuliza mkubwa wake. Miaka mingi papa huyu alinyamaza. Kila siku ya Mungu walipeana mikono ya amani, na sisi tuliwaona tukafurahi.

Hapo neno lilitugeuka sisi wachungaji. Hana alipommiminia Bwana uchungu wake, kuhani Eli alidhani amelewa, akamkemea. Mama alijibu kwamba hajaonja divai. Mtu ambaye hakulewa alisema kweli yote ya moyo wake, na mtumishi wa Mungu hakuitambua! Ugonjwa wa Eli tunao. Kwetu anayesema wazi “nimeumizwa na ndugu yangu” tunamwita mtu wa fujo, tunamwambia asamehe upesi, tuimbe. Basi anapeleka uchungu wake nganda, ambako angalau atasikilizwa mpaka chupa iishe.

Hatusemi hivyo ili kumfunika papa. Breki aliilegeza mwenyewe, na jeraha alilotia ni lake kuliuguza. Tulimwambia aende kwa mama yake. Alikwenda, akapiga magoti, akasema mbele ya wote: “Nilitunga.” Hilo halikumchukua hata dakika tano. Lililokuwa gumu ni lile la kiwanja, kulisema bila kasiksi, akimtazama mdogo wake usoni. Sauti ilitetemeka. Mdogo alipiga kelele, akatoka nje, akarudi. Tulikaa nao mpaka giza.

Kiwanja bado hakijapimwa. Mdogo ameanza tena kula kwa mkubwa wake, lakini usiku analala kwa rafiki. Mama ameomba wamwite mjomba wao, aliyekuwepo baba alipogawa shamba. Wapendwa, iombeeni nyumba hiyo juma hili.