Mfupa Ulio Nyuma ya Sikio
Maneno ya mazungumzo kwa wazazi wa Ruiru na Thika



Mtoto akilia sikio usiku, nyumba nzima hukesha. Kukipambazuka usaha hutoka, maumivu hupungua, na wazazi hushukuru wakidhani maradhi yamekwisha. Mara nyingi yamekwisha kweli. Lakini pengine usaha umepenya katika mfupa ulio nyuma ya sikio.

Mfupa huo ni kile kinundu kigumu kinachoshikika kwa kidole. Kwa nje ni mgumu; ndani una vyumba vidogo vya hewa mfano wa sega la nyuki, navyo vimeungana na sikio la kati. Ukuta unaoutenga na ubongo ni mwembamba, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mganga humtazama mtoto kwa nyuma, akalinganisha masikio yote mawili. Lililo gonjwa husukumwa mbele, mkunjo wa nyuma yake hupotea, na mahali hapo huvimba na kuuma pakiguswa. Mtoto huwa na homa. Mama atokaye kuchuma kahawa asingoje Jumamosi; ampeleke siku ile ile. Mafuta ya moto na maji ya majani hayaufikii mfupa, na huweza kumwunguza mtoto.

Zahanati humpa dawa ya kwanza ya kuua vijidudu na ya kutuliza maumivu, kisha humpeleka hospitali upesi. Huko hutiwa dawa mshipani, na matibabu hutimizwa siku 10, hata kama mtoto ameanza kucheza. Saa 48 zikipita bila nafuu, daktari mpasuaji huitwa, autoe usaha au aukwangue mfupa. Kabla ya penisilini, aliyoivumbua Alexander Fleming mwaka 1928 na iliyoenea katika miaka ya 1940, patasi ya mpasuaji ndiyo iliyokuwa tumaini kubwa. Hata leo, aliyecheleweshwa huweza kupata uziwi, kupooza uso, au homa ya uti wa mgongo.

Iko kazi nyingine ambayo mzazi haioni, nayo ni ya karani wa kumbukumbu. Katika chapa ya kumi ya orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, usaha wa sikio la kati ni H66, na maradhi ya mfupa huu ni H70: H70.0 yakiwa ya ghafula, H70.1 yakiwa ya muda mrefu. Daktari akiandika "sikio" tu, karani hana ruhusa ya kukisia. Basi mtoto aliyekaribia kufa huhesabiwa pamoja na wenye sikio la kuwasha, na wanaogawa dawa na wapasuaji hawaoni haja yoyote.

Kwa hiyo mzazi afikapo aseme wazi: ni sikio lipi, usaha umetoka siku ngapi, na ni dawa gani mtoto amekwisha pewa. Usaha wa siku 14 au zaidi huhesabiwa kuwa maradhi ya kudumu, na daktari hawezi kuijua siku ya kwanza asipoambiwa.