Myombekere na ujasiri usiohitaji mkuki

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Mwamapalala)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya ujasiri katika riwaya. Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa nchi hii jasiri ni nani, atakutajia Mkwawa, atakutajia Mirambo, naye hatakuwa amekosea. Historia yetu ina haki ya kujivunia watu hao. Hata hivyo adui wa Mkwawa alitoka mbali, alisema lugha ngeni, na kila Mhehe aliyeshika mkuki alijua kwamba nyuma yake wamesimama mama yake, shangazi zake na ukoo mzima wakimtia moyo. Mimi nataka kuzungumzia mtu ambaye waliosimama dhidi yake walikuwa ni mama, shangazi na ukoo.

Mtu huyo ni Myombekere, katika riwaya ya marehemu Mzee Aniceti Kitereza iitwayo Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Sikwenda mbali kuitafuta. Maji ya mto Simiyu huishia katika Ghuba ya Speke, na ng'ambo ya ghuba hiyo ndiko Ukerewe, alikozaliwa Kitereza mwaka 1896. Kwa hiyo ni riwaya ya jirani zetu, ingawa nina mashaka kama wengi wetu tumepata kuifungua. Ni kitabu kirefu cha juzuu mbili. Kinaeleza maisha ya Wakerewe kabla ya wageni kuitawala nchi: jinsi walivyolima, walivyovua, walivyooana, walivyotibiana na walivyozikana. Wahakiki wengine wamekiona kama ghala la mila, nami sikatai. Lakini ndani ya ghala hilo kuna mtu mmoja na mke wake, na hao ndio wanaobeba hadithi yote.

Myombekere na Bugonoka wanapendana, ila hawana mtoto. Katika jamii inayosimuliwa, kama ilivyo katika jamii nyingi zetu mpaka leo, jambo hilo halibaki kuwa siri ya watu wawili. Ndugu za mume wanaanza kusema. Mwanzoni husema chini kwa chini, halafu husema kwa sauti, halafu huyasema mbele ya mwenyewe. Kwamba mwanamke huyu ni mgumba. Kwamba anakula bure. Kwamba Myombekere ni mjinga kuendelea kumfuga hali wanawake wenye uzazi wamejaa visiwani. Wazazi wa Bugonoka, walipotambua jinsi binti yao anavyodharauliwa, wanamchukua na kumrudisha kwao.

Hapo, Ndugu zangu, mambo yangeweza kwisha. Kwa desturi Myombekere alikuwa na njia iliyo wazi na nyepesi: akae kimya, aache wakwe wamchukue binti yao, baada ya miezi michache aoe mwingine, na ukoo wake umshangilie kwa hekima yake. Hapana ambaye angemlaumu. Huo ndio mtego ambao Kitereza ameutega kwa ustadi mkubwa, kwa kuwa mara nyingi mtu hushindwa na jambo ambalo kila mmoja wa kwao analiona kuwa la busara.

Myombekere hakuifuata njia hiyo. Alibaki katika nyumba iliyopoa, akafikiri, kisha akashika njia kwenda ukweni kumwomba mke wake. Hakwenda na rungu wala na vitisho vya mahari. Alikwenda kama mtu mwenye kosa, ingawa maneno yaliyomfukuza Bugonoka hayakutoka kinywani mwake. Wakwe zake hawakumrahisishia kazi. Walimtoza fidia ya pombe ya ndizi, ailete hadi kwao ndipo mazungumzo ya kumrudisha mke yaweze kukamilika.

Nawaomba tusiipite pombe hiyo haraka. Msomaji wa mjini anaweza kuiona kuwa ni kichekesho, na mwanafunzi anayekimbilia mtihani ataziruka kurasa hizo akisema hazina dhamira. Lakini ninyi mnajua kazi ya pombe ni kazi ya namna gani. Ndizi hazivundikwi kwa siku moja. Hukamuliwa, hungojewa zichachuke, huhitaji mitungi, huhitaji mikono mingi na vichwa vya kubebea. Mtu hawezi kuifanya gizani. Kila hatua ya kazi hiyo ni tangazo kwa kijiji kizima: Myombekere anamtengenezea pombe baba mkwe wake ili arudishiwe yule yule mwanamke ambaye ukoo wake umemkataa. Huo ni ujasiri unaodumu kwa siku nyingi, mbele ya macho ya watu wenye kucheka, bila ngoma wala nyimbo za kuwatia watu moto. Binafsi nauona kuwa mgumu kuliko ule wa vitani, maana vitani hofu huja kwa saa, na fedheha huja kila asubuhi.

Nimeileta habari hii Mwamapalala kwa makusudi. Nchi hii ya Usukuma, ambayo leo imegawanyika katika mikoa kadhaa, Simiyu ukiwa mmojawapo tangu mwaka 2012, ina sifa njema za kilimo cha pamba, za ufugaji, za ngoma na za umoja wa kazi. Pia imebeba aibu moja. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma. Wengi wao walikuwa wanawake, na wengi wa wanawake hao walikuwa vikongwe. Macho ya bibi mzee yakishakuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi alioupikia watoto na wajukuu kwa miaka hamsini, basi macho hayo hayo yakageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Baadaye, kuanzia miaka ya 2000, tukasikia na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino katika mikoa ya kanda hii ya ziwa.

Sheria ya uchawi ipo tangu mwaka 1928. Polisi wapo, mahakama zipo. Lakini tukubaliane kwamba kabla ya panga kuinuliwa yamekwisha kutangulia maneno, na maneno hayo huanzia mahali pale pale yalipoanzia maneno juu ya Bugonoka: jikoni, kisimani, kwenye kilabu cha pombe, katika kikao cha ukoo baada ya msiba. Mtoto amekufa kwa malaria, na mtu mmoja anasema kwa sauti ya chini kwamba fulani ndiye anayejua. Wenye macho ya kuona ni wengi katika kikao hicho. Pengine yumo mwalimu. Pengine yumo mtumishi wa serikali aliyekuja kuzika, naye anajua vizuri kabisa malaria ni nini. Anachoogopa mtu huyo ni kuonekana ameusaliti ukoo wake, na ameyasahau yale aliyotoka nayo kijijini kwa sababu ya elimu. Kwa hiyo anatazama chini, anakunywa chai yake, na kesho anapanda basi kurudi kazini. Ningemtaka mtu huyo awe amemsoma Kitereza.

Wengine watasema kwamba riwaya haimzuii mtu panga. Ni kweli. Hata nguvu za dola zikitumiwa vibaya hazizuii. Mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake wakati ule, na mkoa wa Mwanza zilijifunza hivyo kwa uchungu mwaka 1976. Serikali ilianzisha msako wa kukomesha mauaji ya vikongwe, na katika msako huo watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya usalama. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ndugu Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu. Angeweza kuwataja waliopiga na kubaki katika kiti chake. Januari 1977 alijiuzulu, akasema dhamana ni yake. Wako waliodhani kwamba jina lake limezimika. Miaka minane baadaye wananchi walimpa dhamana ya nchi nzima. Namtaja hapa kwa sababu tendo lake ni la ukoo mmoja na lile la Myombekere: mtu kwenda kulipa fidia ya kosa ambalo mkono wake haukulitenda, akijua kwamba anayepaswa kulipa ni mwenye nyumba.

Turudi kwa Mzee Kitereza mwenyewe, maana huwezi kukisema kitabu hiki na kumwacha mtunzi wake mlangoni. Alisoma katika misheni ya Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, akajifunza Kilatini na Kijerumani. Alimwoa Anna Katura, na watoto waliozaliwa katika ndoa hiyo walifariki wangali wadogo. Sitaki kusema kwamba Myombekere ni Kitereza. Mtunzi ana haki ya kubuni. Lakini anayeandika juu ya nyumba isiyo na sauti ya mtoto, hali ameketi katika nyumba ya namna hiyo, haandiki kwa kuambiwa.

Riwaya hiyo aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945. Nani angeichapa? Wakoloni walikuwa na haja na vitabu vifupi vya shule, na Kikerewe kilikuwa lugha ya watu wachache wa visiwani. Padri mmoja wa Kanada, Almas Simard, aliyemtia moyo katika kazi hiyo, alijitahidi kuitafutia njia huko kwao, naye akafariki bila kufanikiwa. Muswada ukakaa. Uhuru ukapatikana mwaka 1961, Azimio la Arusha likatangazwa mwaka 1967, muswada bado umekaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo mtafiti wa historia kutoka Marekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte walipokutana na mzee huyo, na ikaonekana kwamba Kiswahili ndiyo njia. Mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 akaketi chini, akaifasiri kazi yake yote yeye mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, katika lugha ambayo Taifa zima lingeweza kuisoma. Tanzania Publishing House iliichapa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, na inaelezwa kwamba nakala zilikuwa hazijamfikia. Miaka 35 baina ya nukta ya mwisho na kitabu!

Waandishi chipukizi hunijia wakilalamika kwamba makala yao imekaa wiki tatu mezani kwa mhariri. Huwa nawapa tarehe hizi mbili, 1945 na 1980, nikanyamaza.

Sasa neno kwenu walimu. Tumewazoeza vijana kuandika kwamba mhusika fulani ni jasiri, mpenda haki na mwenye msimamo, kisha watoe mfano mmoja, wapate alama. Kijana anaweza kupata alama zote asijue kabisa ujasiri unakuwaje tumboni. Mimi ningependekeza zoezi jingine. Wasomeeni sehemu ile ya Myombekere akiwa njiani kwenda ukweni, kisha waulizeni: kati yenu nani angekwenda? Na ambaye hangekwenda aseme kwa nini. Waacheni wabishane kwa kipindi kizima. Wavulana watasema mengi juu ya heshima ya mwanamume. Wasichana, mkiwapa nafasi, watasema jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote wa mtihani.

Nadhani nalijua jambo hilo, maana nami limenichukua muda kuliona. Tunamsifu Myombekere kwa kwenda. Na Bugonoka je? Kitabu kinasimulia pia kwamba hatimaye mganga aliwasaidia, wakapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Msomaji anayejua mwisho husahau kwamba Bugonoka hakuujua. Siku ile aliyoiaga nyumba ya mama yake hakuwa na mimba, wala hakuwa na ahadi ya mtu yeyote kwamba ataipata. Alirudi katika kijiji kile kile, kwa mawifi na shangazi wale wale, wenye ndimi zile zile, akiwa na mikono mitupu kama alivyoondoka. Myombekere alikuwa amekwisha kulipa mitungi yake. Yeye ndiye aliyekuwa anakwenda kuishi na wale watu.