Kijana Akirudi Nyumbani, Tumpokee

(Maneno yaliyosemwa na kikundi kimoja kwenye semina ya vikundi vya kujisaidia)

Hatukuja hapa kama walimu. Tumekuja kuungama kosa letu, ili nanyi msilirudie.

Kijana mmoja wa kwetu alikaa miaka miwili katika shule ya kurekebisha tabia. Huko alijifunza useremala. Aliporudi, tulimpokea namna gani? Akipita, tulifungia kuku. Jembe likipotea, basi ni yeye. Fundi mmoja alitaka kumwandika, sisi tukamtisha. Baada ya miezi mitatu kijana akaenda mjini, na haukupita muda akashikwa tena. Jamani, alifundishwa kazi, sisi tukamnyima mahali pa kuifanyia.

Mwaka uliofuata, mvulana wa miaka 14 aliiba kuku wanne wa jirani. Watu walitaka apigwe. Afisa wa watoto akatueleza Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Mtoto aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi kosa la jinai. Zamani ilikuwa miaka 8. Tena mtoto hafungwi jela. Kosa likiwa si zito, naye akilikubali bila kulazimishwa, jambo linaweza kumalizwa nje ya korti: aombe msamaha, alipe hasara, apate ushauri. Na kesi ikifika kortini, anaweza kuwekwa chini ya afisa wa probesheni kwa miezi 6 hadi miaka 3, huku akiishi nyumbani na kuendelea na shule.

Lakini afisa ni mmoja na vijiji ni vingi. Anayemwona mtoto kila siku ni nani? Si ni sisi?

Basi safari hii tulikaa chini na wazazi wake na mwenye kuku. Mvulana akaomba msamaha. Kila Jumamosi baada ya kazi za nyumbani alimwagilia miche katika kitalu chetu, tukamlipa kidogo, naye akalipa kuku mmoja mmoja. Siku ya kuku wa nne, mwenye kuku mwenyewe ndiye aliyempikia chai. Hajaiba tena.

Mnamkumbuka Onesimo? Paulo alimrudisha kwa Filemoni, akaomba apokewe kama ndugu, na deni lake akakubali kulilipa yeye. Deni halikufichwa, na mtu hakutupwa.

Kwa hiyo tunawaomba vikundi vyote:

1. Mtoto akishikwa, mmoja wenu aende na mzazi wake, asiachwe peke yake.
2. Afisa akija kuuliza habari zake, semeni ukweli, mabaya na mazuri.
3. Kabla hajarudi, mtafutieni shule au fundi wa kumfundisha kazi.
4. Jina la "mwizi" likome siku hiyo.

Samaki mkunje angali mbichi. Lakini anayemkunja kwa hasira humvunja.